Jinsi ya Kuonyesha Upepo Ukikwangua Mwamba: Mwongozo Kamili wa Jaribio na wa Kusoma Mawe Porini

Kila muhula hunijia walimu na wanafunzi wa Jiografia wakiwa na lalamiko lilelile: wamewasha feni mbele ya jiwe kwa saa tatu, jiwe halikubadilika hata kidogo, na sasa hawajui waandike nini kwenye ripoti. Wengine wamemwaga mchanga mbele ya feni, nao mchanga ukakaa palepale, au ukaruka wote kwa mkupuo mmoja ukawaingia machoni. Mimi mwenyewe, nilipojaribu mara ya kwanza, nilichukua kipande cha granaiti nilichookota nyuma ya nyumba hapa Dodoma nikakipulizia mchanga mchana kutwa. Kilichochakaa ni feni.

Takribani makosa yote hayo yana mzizi mmoja. Upepo mtupu haukwangui mwamba. Upepo ni mkono tu, na msasa ni mchanga ulioshikwa na mkono huo. Jaribio lisiloupa mkono msasa, au linaloupa msasa mkono usio na nguvu ya kuusukuma, haliwezi kufanikiwa hata likiendeshwa wiki nzima. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulipanga jaribio lifanye kazi, jinsi ya kusoma matokeo yake bila kujidanganya, na jinsi ya kuyatumia unaposimama mbele ya mwamba halisi.

## Vitu vya kuandaa

Kwa ajili ya upepo:

- Bloa ya kupulizia vumbi, ya aina wanayotumia mafundi wa kompyuta. Ikikosekana, mashine ya kukaushia nywele yenye kitufe cha hewa baridi inatosha. Feni ya kawaida ya mezani iache. Sababu nitaieleza katika hatua ya tatu.
- Maboksi magumu au plaiwudi ya kutengeneza mfereji wenye urefu wa mita 1 na sentimita 20, upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 30.
- Shuka kuukuu la kufunika mwisho wa mfereji, na solotepu.

Kwa ajili ya mwamba na msasa:

- Unga wa jasi, ambao mafundi wa dari huuita jipsam, kilo 3.
- Mchanga wa mtoni, ndoo moja ya lita 10.
- Maboksi matupu ya juisi ya lita 1, manne, ya kufyatulia vitofali.
- Chupa ya maji ya lita 1.5, chujio la chai na sinia pana.

Kwa ajili ya vipimo na usalama:

- Mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima inaweza kukuambia kwamba hakuna kilichopotea ilhali kimepotea.
- Rula, vijiti vya meno, kalamu isiyofutika na simu ya kupigia picha.
- Miwani ya kazi inayoziba pembeni, na barakoa nzito ya kuzuia vumbi kwa kila aliyepo, si kwa anayeshika bloa peke yake.

Barakoa si pambo. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatsi, na vumbi lake laini lisiloonekana kwa macho huingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Kazi ya kupuliza ifanyike nje, penye kivuli, mgongo ukiwa umeelekezwa kunakotoka upepo wa siku hiyo, na watoto wadogo wakae mbali.

## Hatua ya 1: Osha, kausha na chekecha mchanga

Mimina mchanga kwenye ndoo, jaza maji, koroga kwa nguvu, kisha mwaga maji machafu kabla mchanga haujatulia kabisa. Rudia hadi maji yatoke meupe. Lengo ni kuondoa vumbi na udongo, kwanza kwa ajili ya mapafu yako, na pili kwa sababu vumbi halina msaada wowote katika kukwangua: chembe zake ni nyepesi mno, hivyo hufuata mkondo wa hewa unavyolizunguka jiwe na kupita pembeni badala ya kuligonga.

Anika mchanga juani kwenye sinia, ukiugeuza, mpaka ukauke kabisa. Mchanga wenye unyevu hushikana kwa utando mwembamba wa maji ulio kati ya chembe, na hilo peke yake linatosha kuuzuia kuruka. Njia rahisi ya kuupima ni kuchota konzi moja, kuifumbata, kisha kuifumbua: mchanga mkavu humiminika wote na kuacha kiganja kikavu, na wenye unyevu huacha alama ya vidole au bonge dogo.

Ukishakauka, upitishe kwenye chujio la chai na utupe kilichobaki juu.

Walioko pwani wawe waangalifu hapa. Mchanga mweupe wa ufukweni mara nyingi ni vipande vilivyosagika vya matumbawe na makombe, na madini yake yana ugumu wa 3 hadi 4 tu kwenye kipimo cha Mohs, ilhali kwatsi ina ugumu wa 7. Msasa laini husagika wenyewe kabla haujalikwangua jiwe. Tena una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Kama huna mchanga mwingine, usijisumbue kuuosha huo. Kanunue ndoo moja ya mchanga wa mtoni kwa mafundi ujenzi.

Umefaulu iwapo: mchanga unamiminika kama sukari kavu, na ukiupuliza kidogo kwa mdomo hautoi wingu la vumbi.

## Hatua ya 2: Fyatua vitofali vinne, si kimoja

Jiwe halisi huchukua miaka mingi mno kuliwa. Kwa hiyo tunatengeneza mwamba dhaifu kwa makusudi, unaoweza kuonyesha kwa nusu saa kile ambacho granaiti haitakionyesha katika maisha yako yote.

Vitofali A, B na C viwe vya aina moja: kipimo kimoja cha jasi kwa vipimo vinne vya mchanga uliochekechwa, na maji ya kutosha tu kupata uji mzito. Changanya kikavu kwanza, kisha tia maji, koroga haraka na umimine kwenye maboksi, kwa sababu jasi huanza kushika ndani ya dakika chache. Boksi ligongegonge mezani ili mapovu ya hewa yapande juu.

Kitofali D kiwe cha matabaka. Mimina sentimita 4 za mchanganyiko uleule dhaifu, subiri ushike, kwaruza uso wake kwa uma, mimina sentimita 3 za jasi tupu, kisha rudia dhaifu na tupu mpaka boksi lijae.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini asitengeneze D pekee, maana ndicho chenye umbo la kuvutia. Jibu ni kwamba upepo hukwangua zaidi karibu na ardhi, na mwamba laini huliwa zaidi kuliko mgumu. Ukiwa na kitofali cha matabaka peke yake, chenye tabaka laini chini, kikaliwa chini, hutajua kama sababu ni kimo au ni ulaini. A kinajibu swali la kimo, D kinajibu swali la ugumu. B kitapigwa na upepo usio na mchanga. C hakitapigwa na chochote. Kazi yake ni kukaa kwenye rafu na kukuambia ni uzito kiasi gani umepungua au kuongezeka kwa sababu ya unyevu wa hewa tu.

Siku ya pili chana maboksi, toa vitofali, andika herufi nyuma ya kila kimoja na uvianike kivulini penye hewa. Vipime kila siku saa ileile. Kwa kawaida huchukua siku nne au tano, na zaidi wakati wa masika, mpaka uzito ukae palepale kwa siku mbili mfululizo. Usivikaushe kwenye oveni wala juu ya jiko la mkaa: jasi ikipata joto la kuzidi hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake na kuanza kurudi kuwa unga, nawe utaandika kwenye ripoti kazi ya upepo ambayo ni kazi ya moto.

Umefaulu iwapo: ukikwaruza A kwa kucha inaacha mfereji na kudondosha chembe, na ukikwaruza tabaka la jasi tupu kwenye D inaacha alama hafifu tu.

## Hatua ya 3: Jenga mfereji wa upepo

Unganisha maboksi yafanye mfereji wenye sakafu, kuta mbili na paa, ulio wazi ncha zote mbili. Upande mmoja kata dirisha na ulizibe kwa plastiki angavu ili uone kinachoendelea. Ncha ya mwisho ining'inizie shuka lililolowanishwa kidogo, lipitishe hewa lakini likamate mchanga.

Sasa kuhusu feni. Mchanga mkavu wenye chembe za robo milimita huanza kusogea wakati upepo unapokaribia mita 5 au 6 kwa sekunde, yaani ule upepo unaoinua vumbi na karatasi barabarani. Feni ya mezani, ukisimama mbele yake kidogo, iko chini ya hapo au inagusagusa hapo. Ndiyo maana mchanga hukaa palepale. Kuna wanaoitengenezea feni koni ya boksi ili hewa ibanwe na kuongeza kasi, lakini mapanga ya feni hayana nguvu ya kusukuma hewa iliyobanwa, kwa hiyo hewa hurudi nyuma na kutokea pembeni. Bloa na mashine ya nywele zimeundwa kwa tundu jembamba, na hapo ndipo kasi inapopatikana.

Laza mdomo wa bloa sambamba na sakafu ya mfereji, kimo cha sentimita 3 hivi kutoka chini, ukielekezwa mbele na si chini. Ukiuelekeza chini utachimba shimo. Kitofali kikae sentimita 60 mbele ya bloa, au sentimita 30 ikiwa unatumia mashine ya nywele. Kikikaribia sana, chembe hazijapata nafasi ya kuchukua kasi ya hewa. Kikienda mbali sana, hewa imekwisha kutawanyika na kupoa nguvu.

Hakikisha sehemu ya bloa inayovuta hewa iko nje na nyuma ya mfereji, mbali na mchanga. Chembe zikivutwa ndani zitaimaliza mota kama zilivyoimaliza feni yangu.

## Hatua ya 4: Tengeneza kilishio cha mchanga

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Wanamwaga rundo la mchanga mbele ya upepo, rundo linachimbwa kwa sekunde kumi, kisha kwa dakika ishirini zinazofuata kitofali kinapigwa na hewa tupu.

Kata kitako cha chupa ya lita 1.5. Toboa kifuniko chake tundu la milimita 5 kwa msumari uliopashwa moto. Toboa paa la mfereji sentimita 15 mbele ya mdomo wa bloa, kisha isimamishe chupa hapo kichwa chini na uifunge kwa solotepu. Ziba tundu la kifuniko kwa kidole, jaza mchanga, na usiachie mpaka upepo uwe umewashwa.

Kwa tundu hilo, kilo moja ya mchanga humalizika kwa dakika nne hivi. Jambo la kupendeza ni kwamba mchanga haufanyi kama maji: maji hutoka kwa nguvu chupa ikijaa na kuzorota inapokaribia kwisha, ilhali mchanga hutoka kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Kwa hiyo una saa na kipimo kwa pamoja, bila kununua chochote.

Umefaulu iwapo: kupitia dirishani unaona chembe zikidunda sakafuni na kuruka tena mbele kwa matao mafupi, zinazotua zikizirusha nyingine, huku zile nzito zikitambaa chini bila kuruka. Kudunda huku ndiko kunakofanya kazi kubwa ya kukwangua jangwani. Ukiona mkondo mnyoofu usiodunda, umeinua bloa kupita kiasi.

## Hatua ya 5: Endesha jaribio kwa mpangilio huu

Anza na B, si A. Bado mfereji ni safi, na B kinatakiwa kisiguswe na chembe hata moja.

1. Pima uzito wa vitofali vyote vinne siku hiyohiyo, ndani ya nusu saa. Piga picha kila kimoja kwa ubavu, rula ikiwa imesimama kando yake, na simu ikiwa mahali palepale kila mara.
2. Weka B mfereji ukiwa mtupu. Kiegemeze kwa nyuma kwa jiwe ili kisianguke. Puliza mizunguko sita ya dakika 5, ukiipumzisha mashine dakika 5 kila baada ya mzunguko. Mashine ya nywele iwe kwenye hewa baridi muda wote.
3. Kipanguse B kwa brashi laini, kipime, kirudishe rafuni.
4. Weka A mahali palepale. Washa upepo kwanza, kisha achia mchanga. Endesha mizunguko sita ileile, ukikusanya mchanga kwenye shuka na kuuchekecha tena ukiwa mkavu kabla ya kuurudisha kwenye chupa, kwa sababu sasa una vipande vya jasi ndani yake.
5. Fanya vivyo hivyo kwa D.
6. Pima vyote vinne tena, pamoja na C.

Usiguse uso wa kitofali kwa vidole katikati ya mizunguko. Mwanafunzi mmoja wangu alikuwa akikipapasa A kila mapumziko ili "kuona kama kimeanza", na sehemu aliyoipapasa ndiyo iliyoliwa kuliko zote.

## Hatua ya 6: Soma matokeo

Anza na C. Kama kimepungua au kuongezeka gramu kadhaa, badiliko hilo ni la unyevu, na ni lazima uliondoe kwenye hesabu ya vingine vyote. Baada ya hapo, B kinapaswa kuonyesha badiliko dogo sana au hakuna kabisa. Dondoo hilo liandike kwa herufi kubwa kwenye ripoti, kwa maana ndilo linalothibitisha kwamba hewa peke yake si msasa. Chembe chache zilizolegea zitakuwa zimepeperushwa, na hiyo ni kazi nyingine ya upepo: kuzoa kilichokwisha kulegea. Mimi huiita upeperushaji, na ile ya mchanga kugonga jiwe huiita ukwanguaji. Wanafunzi wengi huandika moja wakimaanisha nyingine.

Kisha A. Simamisha rula wima mbele ya uso uliopigwa, iguse sehemu ya juu isiyoliwa, na kwa kijiti cha meno pima kina cha kuliwa kila sentimita moja kutoka sakafuni kwenda juu. Utakuta mambo matatu.

Upande wa joshi, yaani ule ulioupokea upepo, umeliwa. Upande wa demani, yaani ule wa nyuma uliokingwa na upepo, uko vilevile ulivyotoka kwenye boksi. Nyuma ya kitofali kuna kimkia cha mchanga, kwa sababu hapo hewa imepoteza kasi na kuutua mzigo.

La pili, kina kikubwa zaidi hakiko sakafuni kabisa wala juu, bali kimo fulani katikati. Katika mfereji wangu huwa kati ya sentimita 3 na 6. Sababu yake ni kushindana kwa vitu viwili: kadiri unavyopanda, idadi ya chembe hupungua, lakini kasi ya zile zilizopo huongezeka, na kasi ikiongezeka mara mbili nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Mahali ambapo wingi na kasi hukutana vizuri ndipo jiwe huliwa zaidi. Jangwani kimo hicho ni kikubwa kuliko kwenye boksi letu. Katika Bonde la Coachella, California, fimbo za plastiki ngumu zilizosimamishwa kwa miaka kadhaa zilionekana kuchakaa zaidi kwenye kimo cha sentimita 23 hivi kutoka ardhini.

La tatu ni umbo. Uso haukuliwa sawasawa. Umeanza kuinamia nyuma, na ukingo wa juu unazidi kuwa mkali.

Kwenye D, matabaka dhaifu yameingia ndani na yale ya jasi tupu yametokeza kama rafu. Angalia hasa tabaka dhaifu lililo juu kabisa: ingawa liko juu, ambako chembe ni chache, huenda limeliwa zaidi kuliko tabaka gumu lililo chini yake. Hapo ndipo utaweza kusema kwa haki kwamba ugumu wa mwamba unaweza kushinda kimo.

### Ikiwa A hakikupungua

Kagua kwa mpangilio huu: unyevu wa mchanga, kisha nguvu ya mchanganyiko wa kitofali (wengi hutia jasi nyingi wakiogopa kitavunjika), kisha umbali wa kitofali na bloa. Ni mara chache sana shida huwa kwenye mizani.

## Hatua ya 7: Ongeza chumvi, kama una wiki mbili

Hadi hapa tumeonyesha upepo ukikwangua. Lakini upepo pia husaidia kuudhoofisha mwamba bila kuugonga, na njia mojawapo ni kuukausha.

Tafuta tofali la kuchoma lisiloiva vizuri, ulikate vipande viwili. Viloweke usiku kucha katika maji yaliyoyeyushwa chumvi mpaka chumvi ikatae kuyeyuka zaidi. Asubuhi, kipande kimoja kiweke mbele ya feni (hapa feni ya mezani inafaa sana), na cha pili kiweke mahali pasipo na upepo, kimefunikwa kwa boksi lililotobolewa. Jioni virudishe kwenye maji ya chumvi. Rudia mara kumi au zaidi, kila kipande kikiwa juu ya karatasi yake.

Kilichokauka polepole mara nyingi huvaa ukungu mweupe wa chumvi juu, kwa sababu maji yana muda wa kupanda mpaka usoni kabla ya kuondoka. Kilichokaushwa na feni hukauka haraka kiasi kwamba maji hugeuka mvuke yakiwa bado ndani, na chumvi huganda humohumo katika vitundu, ikisukuma kuta zake. Chunguza karatasi ya chini: unga mwekundu wa tofali ndio unaoutafuta. Utakuwa mdogo, nao hutegemea sana ubovu wa tofali.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu linaelekeza moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho, ambako watu hukosea kuliko jaribioni.

## Hatua ya 8: Soma mwamba halisi bila kuusingizia upepo

Picha ya jiwe lenye umbo la uyoga, shingo nyembamba na kichwa kikubwa, imewafanya wengi waamini kwamba kila jiwe lililoliwa chini limekwanguliwa na mchanga. Si kweli. Karibu na ardhi ndipo penye unyevu mwingi na chumvi nyingi, na hivyo viwili huozesha shingo ya jiwe hata pasipo chembe ya mchanga. Kabla ya kutoa hukumu, pita katika maswali haya.

Upepo wa mahali hapo hutoka wapi? Usikisie. Tazama miti iliyoinama na mikia ya mchanga nyuma ya vichaka. Penye tuta la mchanga lenye umbo la mwezi mwandamo, pembe zake mbili huelekea kule upepo uendako. Mfano mzuri ni Mchanga Unaohama ulio karibu na Oldupai, Ngorongoro: tuta la majivu meusi ya volkano lenye kimo cha mita 9 hivi, linalosogea kuelekea magharibi takribani mita 17 kwa mwaka, na ukilitazama tu umejua upepo wa huko ni wa mashariki. Ukanda wa Ziwa Turkana nao una upepo mkali wa kusini-mashariki karibu mwaka mzima.

Je, upande wa joshi unatofautiana na wa demani? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Kama shingo imeliwa sawasawa pande zote, shuku unyevu na chumvi kwanza. Mchanga huligonga jiwe kutoka kule upepo utokako.

Mchanga upo? Kwatsi kavu iliyolegea iwepo karibu, upande wa joshi. Pasipo na msasa, hakuna kukwangua.

Kuna mng'aro na mifereji? Mwamba mgumu uliokwanguliwa na upepo husuguliwa mpaka ung'ae, na mara nyingi huwa na mifereji midogo inayofuata mwelekeo mmoja. Papasa kwa kidole: ni laini kama kigae kilichopakwa nta. Uso uliooza kwa chumvi hukwaruza na kuacha chembe kidoleni, na huweza kujaa vitundu kama sega la nyuki.

Kwa vigezo hivyo, baadhi ya mawe maarufu yataondoka kwenye orodha. Mawe ya Bismarck pale Mwanza, yaliyopandana juu ya maji, ni granaiti iliyooza kwa maji chini ya udongo kufuata nyufa zake, kisha udongo ukazolewa. Nguzo za Isimila karibu na Iringa ni kazi kubwa ya maji ya mvua katika korongo. Vile visiwa vya matumbawe vya Watamu vyenye viuno vyembamba vimeliwa na bahari, na viumbe wanaotoboa jiwe wakisaidia. Wasomaji walioko Oman wana mahali pazuri zaidi pa mazoezi kuliko sisi, yaani Bustani ya Mawe ya Duqm, ambako mawe ya chokaa na ya mchanga yamechongwa na maji pamoja na upepo; jipime kwa kujaribu kutenganisha kazi ya kila kimoja.

Kipimo cha mwisho hufanyika kwa mawe madogo yanayobebeka, yale yenye nyuso mbili au tatu bapa zinazokutana kwenye ukingo mkali. Kwanza piga picha na uchore mshale wa kaskazini kwa kalamu juu ya jiwe. Kisha ligeuze taratibu, ukitumia kijiti na si mkono, kwa sababu nge hupenda kujificha hapo. Upande uliokuwa umelala ardhini ukiwa na mikwaruzo ya kawaida na uchafu, ilhali wa juu ni bapa na unang'aa, jiwe hilo limesuguliwa likiwa palepale. Likiwa laini na mviringo pande zote, hilo ni jiwe la mtoni lililoletwa na maji. Na ukikuta nyuso bapa juu na chini pia, huenda liliwahi kugeuzwa na mafuriko au mguu wa mnyama, upepo ukaanza kazi upya kwenye upande wa pili. Ukimaliza kupima, lirudishe shimoni mwake, uso uleule ukitazama joshi.